Jumamosi za Mwezi Mpevu

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa Uvira hulala majumbani mwao. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata mwanga wa taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi uliojaa. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu huanikwa, na taa za karabai hufutwa moshi na kutundikwa ukutani. Ndiyo maana mimi na Venant hatukuhesabu mapenzi yetu kwa majuma kama watu wengine. Kila mwezi ulipojaa tulipata Jumamosi moja ya kutembea, kisha tukangoja tena.

Venant Nkeshimana alikuwa mgeni kwetu. Kwao ni Urundi, juu milimani, mbali na maji, mahali ambapo watu huota moto asubuhi kwa sababu ya baridi. Tajiri mmoja wa Usumbura aliyeuza karabai alimtuma Uvira kwa miaka miwili, awafundishe wavuvi kuzitumia na azitengeneze zikiharibika. Alipanga chumba mtaa wa Nyamianda, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata siku ya Misa. Mimi Célestine nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 1957, na miaka yake miwili ilibaki miezi saba tu.

"Nikikaa ugenini bila kutembea," alimwambia kaka yangu Léopold, "nitarudi kwetu waniulize Kongo ikoje, nami nitawaeleza chumba changu."

Léopold alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi mkubwa, na kicheko chake kilisikika kabla yake mwenyewe hajafika. "Basi twende," akasema. "Lakini weye utapiga kasia kama sisi. Huku hakuna mugeni ndani ya mutumbwi."

Safari ya kwanza tulikwenda Makobola kumpelekea shangazi yetu chumvi. Nilimwambia mama kwamba shangazi ananingoja, kwamba mtu wa kuwapikia anahitajika, na kwamba kaka yupo. Sababu ya nne sikumwambia.

Venant hakuwahi kupanda mtumbwi, kazi yake yote ilikuwa nchi kavu. Alishika kingo zote mbili kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Juu ya nini unashika mutumbwi hivyo?" Léopold akamwuliza.

"Nauzuia usizame."

"Utauzuia na mikono?"

"Mpaka sasa haujazama, Léopold. Niache nifanye kazi."

Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimekalia ubao uliopata maji, nikalowa. Venant aliona. Alivua koti lake, moja tu alilokuwa nalo, akalikunja na kuliweka chini yangu, kisha akamwambia Léopold, si mimi, kwamba jua la huku ni kali mno kwa koti. Akarudi kushika kingo zake.

Makobola tulikula ndagala mchangani, pamoja na vichwa vyao. Venant alikula akalamba vidole. Shangazi alimtazama akasema, "Huyu haiko mugeni tena." Neno hilo nililitunza moyoni, na baadaye likaja kuniuma.

Mwezi wa pili tulivuka mbele zaidi, mpaka Mboko. Upepo ulitushika wakati wa kurudi, na Venant akaanza kusali rozari kwa sauti, kwa Kirundi. Léopold alimpigia kelele, "Sali na Kiswahili, ndugu yangu! Hili ziwa ya huku halisikii Kirundi!" Na yeye, pamoja na hofu yote ile, akabadili lugha. Tulifika salama, tumechelewa, tumelowa wote watatu, na nilijua kwamba mtu huyu sitamsahau hata akienda wapi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Tulitazamana tu juu ya mgongo wa kaka yangu aliyepiga kasia, tukageuza macho, tukatazamana tena.

*

Mama yetu, Mama Émérance, alikuwa mjane, na mtaa wote ulijua mikono yake. Alikausha mukeke, samaki wa ziwa letu, kwa moshi, akawapika kwa mawese na nyanya, na watu walisema harufu ya chungu chake iliwatoa wagonjwa kitandani. Katika mwezi wa sita aliniita jikoni.

"Yule muntu wa taa. Muambie aje kula Jumapili."

"Ndiyo, mama."

"Muntu anayetembea na watoto wangu, lazima nimuone akitafuna."

Venant alikuja jioni amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Lakini hakuingia kama watu wanavyoingia. Alikaa karibu na mlango, upande upande, uso wake ukielekea barabarani. Mama alimsalimu, akajibu akitazama miguu yake. Mama akaleta sahani. Alikuwa amemchagulia mukeke mnono kuliko wote, akamgeuzia kichwa upande wake, jinsi anavyowekewa mgeni wa heshima.

"Karibu, baba. Nawa mikono."

"Nashukuru, mama. Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Nimeshiba tu, mama."

"Onja kidogo."

"Nashukuru sana, mama."

Hata mikono hakunawa. Aliinuka, akaiona taa yetu ukutani iliyokuwa ikitoa moshi, akaishusha, akakata utambi wake sawasawa, akairudisha. Kisha akaaga bila kumtazama mama usoni.

Mama alifunika ile sahani na kitambaa. Alikaa muda mrefu mikono yake ikiwa magotini, halafu akampelekea jirani chakula chote. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu baba yenu anakufa, hakuna muntu amekataa sahani yangu. Hata mamonaki ya misheni banakula. Yeye, hapana."

"Mama, labda tumbo..."

"Tumbo gani? Makobola alikula mpaka akalamba vidole, weye mwenyewe ulinihadithia! Kule kwao, bale batu ya ngombe banasema samaki ni nyoka ya maji. Kwa shangazi yako alikula juu ya njaa ya safari. Kwangu alionyesha roho yake."

Kesho yake nilimkuta Venant kwenye bomba la maji. Niliweka ndoo yangu chini.

"Jana ulikuwa umekula kwingine?"

"Hapana."

"Ulikuwa na njaa?"

"Sana."

"Basi kwa nini hukula kwa mama yangu?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake. "Célestine. Wewe unaniuliza hilo?"

"Nani mwingine akuulize?"

Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini mimi niliona kiburi, kwa sababu kiburi ndicho nilichokuwa nimejiandaa kukiona. Nilijitwika ndoo yangu na kuondoka, na maji yakanimwagikia mgongoni njia nzima. Kwa majuma matatu tulisalimiana kama watu wa ofisini.

*

Mwezi wa saba ukajaa. Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho. Miaka yake miwili ilikwisha, na juma lililofuata angerudi Usumbura kwa tajiri wake.

Siku ya Alhamisi alikuja kwa Léopold, akasimama nje ya lupango letu, mlangoni mwa ua. Nilikuwa ndani nachambua maharage, nikasikia kila neno.

"Mmenionyesha ziwa lenu," akasema. "Na mimi niwaonyeshe kitu kabla sijaondoka. Nina shangazi Luberizi, analima mpunga. Huko watu wananisalimu kwa lugha ya kwetu. Twende Jumamosi. Wewe, na... na dada yako, kama mama ataruhusu."

Niliomba ruhusa nikidhani nitakataliwa. Mama aligeuza samaki juu ya kichanja chake kwa muda.

"Muchele iko mwisho ndani ya nyumba," akasema. "Nendeni na kaka yako, mulete muchele. Lakini unisikie, Célestine. Juma ijayo anavuka mupaka, na mambo itakuwa imekwisha. Binti yangu hatafuata muntu mwenye kuziba pua mbele ya chungu yangu. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Na ukirudi usilie mbele yangu. Ukilia, na minye nitalia, na hizi samaki zitaungua."

Alfajiri tulipanda kamiyo, lori la kubeba mpunga, juu ya magunia matupu. Kiangazi kilikuwa kimekomaa. Vumbi lilikuwa refu kuliko miti, na milima ya Urundi ng'ambo ya mto Ruzizi ilionekana kama moshi tu. Venant aliniwekea gunia lililokunjwa mgongoni, pahali ambapo ubao ungeniumiza. Sikumshukuru. Lakini nililiegemea.

Kabla ya Luberizi kulikuwa na daraja la magogo, na dereva akatuambia tushuke, kamiyo livuke peke yake. Tulipokuwa tunatembea nyuma yake, kundi la ng'ombe likaja mbele yetu, pembe ndefu kama mikono ya mtu, likajaza barabara yote. Mimi ni mtoto wa samaki. Nilisimama, nikamwita kaka yangu.

"Yaya Léopold!"

Lakini yaya Léopold alikuwa amekwisha kupanda kichuguu, na kutoka juu akaniambia nisiogope.

Venant akaja upande wangu, kati yangu na pembe. Akaanza kuita kwa sauti ya chini, maneno ya kwao, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ng'ombe wakageuza masikio. Mmoja akamnusa mkono. Kundi likagawanyika, likapita huku na huku kama maji yanavyopita jiwe, na sisi wawili katikati.

"Huogopi?" nikamwuliza, maana ilikuwa lazima niseme kitu.

"Hawa wanasimama juu ya ardhi," akasema. "Ninachoogopa ni vitu visivyo na chini."

Nilicheka. Majuma matatu sikuwa nimecheka naye. Alinitazama, na nilijua kwamba nikiendelea kumtazama nitalia njiani, basi nikatazama ng'ombe.

*

Shangazi yake, Mama Pudentienne, alikuwa mwembamba, rozari shingoni, matope ya mpunga yamemkaukia mpaka magotini. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, hakuharakisha. Kisha akamgeukia Venant.

"Ni uyu?"

"Ego," Venant akajibu, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sikujua Kirundi, lakini maneno hayo mawili hayahitaji shule.

Alituingiza ndani, akatupa wali na maharage, na katikati ya sahani zetu akaweka mukeke mmoja mkavu. "Nilisikia wanakuja watu wa ziwa," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "nikatembea sokoni kumtafuta huyu. Sijui kumpika. Mnisamehe." Kwa kweli hakujua, alikuwa amemchemsha kama mihogo. Lakini mimi na Léopold tulimla bila kusita, maana si kila siku mtu anatembea jua kali kukutafutia chakula cha nyumbani kwako.

Venant naye alikula. Alikula wali, akala samaki, akafuta sahani. Nilimtazama, na uchungu wa mwezi wa sita ukanirudia wote. Kwa shangazi yake anakula. Kwa shangazi yangu anakula. Kwa mama yangu peke yake anashiba.

Wakati huo mtu akakohoa nje ya lupango. Mama Pudentienne aliruka kama aliyeguswa na moto. Alichukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa na mgongo wake kwenye mlango.

"Amahoro, mabukwe!" nyuma ya ua wa matete sauti ya mwanamume ikamsalimu mama mkwe wake.

"Amahoro, Thaddée, mwanangu! Umeleta nyasi za kuezekea?"

"Nimeleta mizigo miwili, mabukwe."

"Mungu akubariki. Kaa kivulini."

Hakuingia. Binti wa nyumba, Libérate, aliyekuwa mke wa huyo Thaddée, alijaza sahani ya wali akaipeleka nyuma ya ghala. Tulisikia kijiko. Mama Pudentienne aliendelea kukaa vile vile, akitazama ukuta, akitabasamu peke yake.

Nikashindwa kujizuia. "Mama, mumegombana naye?"

"Na nani?"

"Na mukwe wako. Hataki kula mbele yako."

Mama Pudentienne alinitazama, kisha akapiga makofi, akacheka mpaka rozari yake ikarukaruka. "Tugombane! Mtoto wangu, huyo ni mkwe mzuri kuliko wote wa hapa Luberizi! Akae mbele yangu afungue mdomo, atafune, nimwone meno? Ningelia siku tatu! Kwetu kijana akimtaka binti yako, siku ile ile anaacha kula mbele yako. Hata wazee wake hawajafika, hata hajasema neno. Anakaa kando, hakutazami usoni, anasema ameshiba. Mama anaona, anajua. Njaa yake ndiyo inamsemea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ndoa ipite, alete jembe na mtungi wa pombe, na mimi nimpikie. Siku hiyo tunakula sahani moja. Huyu Thaddée bado jembe." Akapaza sauti. "Bado jembe, Thaddée! Wageni wamesikia!"

"Linakuja, mabukwe!" ghala likajibu.

Mimi sikucheka. Nilirudisha tonge sahanini. Moyoni nilimwona tena Venant kwenye mlango wetu, shati jeupe, uso barabarani. Nashukuru, mama. Nimeshiba. Nikageuza kichwa taratibu. Alikuwa anatazama sahani yake tupu, masikio yamemwiva.

Léopold alimgeukia. Alishusha mkono uliokuwa na wali.

"Venant. Ile Jumapili."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaposa?"

"Ndiyo."

"Na sisi hatukujua!"

"Nilidhani mnajua." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilidhani ni hivyo kila mahali. Nani angekula mbele ya mama wa... Halafu nikaona mama amekasirika. Kutoka mlangoni kwangu nilimwona anampelekea jirani chakula. Nikasema, basi. Amenielewa, na amenikataa."

Mama Pudentienne alimpiga goti kwa kiganja. "Mjinga wewe! Miaka miwili unafundisha watu kuwasha taa, na hili moja unashindwa kuwawashia? Mtu wa ziwa atalijuaje?"

"Shangazi, ni aibu kulisema."

"Ni aibu kulisema, na si aibu kurudi Usumbura peke yako?"

Hapo hata Thaddée alicheka nyuma ya ghala.

*

Jioni ilipokaribia tulitembea kuelekea barabarani, Léopold mbele na gunia la mchele begani, akiimba kwa nguvu ili tujue kwamba hasikilizi. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na ndege wadogo waliokota punje. Tulitembea kwenye tuta jembamba kati ya mifereji ya maji, Venant nyuma yangu.

"Kwa nini hukuniambia pale kwenye bomba?" nikamwuliza bila kugeuka.

"Mtu hamwambii msichana jambo hilo kabla ya wazee. Na nilidhani nimekwisha kulisema, mbele ya mama yako, tena kwa sauti kubwa."

"Ulisema umeshiba."

"Ndiyo sauti yenyewe, Célestine."

Tulitembea kidogo.

"Ulikuwa na njaa kweli?"

"Nilisikia harufu ya yule mukeke tangu njiani. Nilirudi chumbani nikala mihogo ya baridi, na mpaka leo namfikiria. Alikuwa amenigeuzia kichwa. Niliona. Kwetu hatuli hivyo, lakini nilijua ni heshima. Nilitaka kulia."

Nikasimama. Naye akasimama, maana tuta lilikuwa jembamba na hakukuwa na pa kupita.

"Na mimi nilikuita mwenye kiburi. Moyoni. Kila siku, majuma matatu."

"Mimi nilikuita mwenye moyo mgumu," akasema. "Lakini asubuhi tu. Ikifika jioni nilisahau."

Nikageuka nikamtazama, na safari hii hakuna aliyeondoa macho. Alinyoosha mkono, akaniokota kipande cha nyasi kavu kilichonasa kwenye nywele, akakitia mfukoni mwake. Ni hilo tu. Limenitosha mpaka leo.

"Juma lijalo naondoka," akasema. "Siwezi kubaki. Lakini kazi ya taa hata huko ni ile ile, mwezi ukijaa sina kazi. Kila mwezi ukijaa nitakuwa njiani kuja kwenu Uvira, na wazee wangu, kama mama yako akikubali. Asipokubali, sitakuibia. Nitakuwa nakuja kutazama ziwa."

"Unaliogopa ziwa."

"Nitalitazama kutoka mbali."

*

Léopold alitaka kumwambia mama yeye. Nikamwambia hapana, hili ni langu. Mama alikuwa jikoni anapanga samaki wa Jumatatu, nami nikachukua upande wa pili wa kichanja, nikawa nawapanga pamoja naye huku nasema. Nilimweleza yote: kigoda kilichogeuzwa, sahani nyuma ya ghala, jembe, na yule mukeke aliyechemshwa kama mihogo.

Nilipomaliza alishika samaki mmoja mkononi, hakumweka chini.

"Kwa hiyo hakuziba pua."

"Hapana, mama."

"Aliniona minye ni mama mukwe."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya kwanza. Kabla hata ya kula."

"Ndiyo."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema moshi wa kuni hizi ni mubaya. Moto ulikuwa umezimika tangu mchana.

"Na minye nikampa jirani ile samaki," akasema. "Yote. Na kichwa."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza. Kujua na kuuliza haiko kitu moja." Akaweka samaki chini. "Lakini Urundi iko mbali, Célestine. Nani atanigeuzia samaki?"

Nilimshika mkono uliokuwa na mafuta na masizi. "Siku hewa ikiwa safi, mama, ukisimama mlangoni unaiona milima yao."

"Milima naona. Nitakuona weye?"

"Mwezi ukijaa, mama. Kila mwezi."

Nje Léopold alijifanya anapasua kuni. Mwishowe mama alinyanyuka, akachukua kijiti cha kugeuzia samaki, akaanza kutafuta kati ya wale waliolala kwenye kapu, akimkataa huyu, akimkataa yule.

"Kesho, Misa ikiisha," akasema, "muambie aje."

*

Jumapili Venant alikuja na shati lile lile jeupe. Alisimama nje, hajui aingie au akae. Sikumwambia neno, nilikuwa nimekatazwa na mama.

Meza ilikuwa imepangwa ndani: bugali, mukeke kwa mawese na nyanya, kichwa kimeelekezwa upande wa kiti kimoja. Mama alipomwona mlangoni, alichukua kigoda chake akapita mbele yake bila kumtazama, akatoka nje. Akakiweka chini ya dirisha, akarudisha ubao wa dirisha ukabaki wazi kiasi cha vidole viwili, akakaa, mgongo ukutani, uso kwenye kichanja chake cha samaki.

"Léopold," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "muambie mugeni aingie ndani, akule. Minye niko nje. Sioni kitu."

Venant alinitazama. Aliingia. Tulisikia maji ya kunawa, kisha sauti ya mtu anayekula akiwa na njaa ya majuma matatu.

Nilisimama karibu na mama. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Baada ya muda hakuweza kuvumilia, akageuza shingo kidogo kuelekea ule ufa.

"Chumvi iko?"

Kijiko kikasimama. Kisha sauti ya Venant, ya chini, ikapita vidole viwili vya dirisha.

"Iko, mabukwe."

Mama hakuwahi kulisikia neno hilo. Lakini hakuniuliza maana yake. Alilishika tu, mikono magotini.

"Célestine."

"Mama."

"Nitakaa huku nje mpaka siku gani?"

"Mpaka ndoa ipite, mama, na alete jembe lake. Ndipo mtakula pamoja."

Alifikiri. Alijisogeza huku, akajisogeza kule.

"Basi muambie bazee yake basikawie njiani," akasema. "Hiki kigoda iko ngumu."